Maji Tuliyoyaacha Gatini

Sisi watu wa Uvira, kule Kongo, tukiomba, tunaomba kwa sauti. Hilo lieleweke kwanza, maana bila hilo hakuna kitu ambacho kingetutoa Durban, watu tisa, kwenda kulala kwenye kambi ya porini ambayo gari haifiki.

Tulikuwa tunakaa Point, karibu na bandari, ghorofa ya nne, familia tatu katika nyumba moja iliyogawanywa kwa mapazia. Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni. Mimi nilisuka nywele mjini. Mdogo wangu alinisaidia siku ambazo miguu haikumvimba. Mumewe, shemeji yangu, alilinda magari ya watu kando ya ufukwe, kazi iliyofanywa na nusu ya wanaume wetu, wenye diploma na wasio nayo. Jioni alivua kizibao cha kazi akawa kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Tukianza tu, jirani wa juu anagonga sakafu kwa fagio na wa chini anapandisha redio. Tulijaribu kunong'ona. Nani amewahi kumnong'oneza Mungu jambo zito akaridhika? Kwetu mwenye shida hupanda mlimani na wenzake, hukaa huko siku mbili tatu, huomba mpaka sauti inakauka, ndipo hushuka.

Na shida ilikuwepo. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika: ya kwanza mara baada ya kuvuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, ya pili hapohapo Point, asubuhi moja nikiwa kazini. Mimi sikuvuka nao. Nilikuwa nimetangulia kwa barabara, kupitia Zambia, na yaliyotokea ndani ya mtumbwi waliovukia sikuwahi kuambiwa. Nikiuliza, mdogo wangu alikuwa anainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikwisha oshwa. Hii mimba ya tatu hatukuizungumza. Hofu ilikaa nasi mle ndani kama familia ya nne.

Habari za kambi shemeji aliletewa na mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akimlindia gari. Kaskazini ya Durban, alisema, kuna hifadhi ya taifa yenye ziwa kubwa, na ng'ambo ya ziwa kuna uwanja wa mahema ndani ya msitu. Barabara hakuna. Unavushwa kwa mashua, au unazunguka ziwa kwa miguu nusu siku. Mkishaachwa mmeachwa, mpaka mashua irudi kuwachukua. Huko, mzee alisema, hata ukipiga kelele hakuna wa kukusikia. Nadhani alikuwa anasifia utulivu. Shemeji alisikia mlima.

Mimi sikutaka, na nilisema.

"Shemeji, mutu wa mimba unamupeleka mu pori? Kukitokea kitu tutaita nani, nyani?"

"Yaya," mdogo wangu akadakia, "hii maombi ni ya mutoto wangu. Mi naenda." Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Na yaya hana nguvu mbele ya mama aliyepoteza wawili, kwa hiyo nilifunga mdomo nikafunga na mizigo.

Tuliondoka Ijumaa ya wikiendi ndefu. Mdogo wangu hakubeba kitu ila fuko dogo la kitambaa ambalo hakumwachia mtu. Ndani mlikuwa na nguo za mtoto: fulana mbili, kofia, na shali nyeupe niliyoifuma mwenyewe. Alitaka ziombewe. Getini mlinzi alituuliza mara mbili kama tuna maji ya kunywa, tukamwonyesha madumu matatu makubwa tuliyoyajaza nyumbani. Akaridhika, akatufungulia.

Mashua ilikuwa inangoja kwenye gati ndogo ya mbao. Mwendeshaji alikuwa Mzulu mnene, mpole, mwenye kofia ya ukili. Tulipakia mahema ya kuazima, masufuria, gunia la unga, ngoma, magodoro mawili, madumu, kisha tukaingia sisi. Mashua ikazama mpaka maji yakawa karibu na mdomo wake. Mwendeshaji alitikisa kichwa. Kwa Kiingereza chake na chetu tulielewana: upepo unapanda, leo ni safari moja tu, na mzigo huu umezidi. Lazima kitu kishuke.

Kila mtu alikumbatia chake. Ndipo shemeji alipoinuka kwa haraka ambayo sikuielewa, akanyanyua dumu la kwanza akalitupia gatini, kisha la pili, kisha la tatu.

"Bon, tunaacha bidon," akasema. "Nani anabebaka mayi kuipeleka mu ziwa?"

Tulicheka wote, hata mimi niliyekuwa nimenuna tangu Durban. "Wazungu njo banaogopa mayi ya ziwa," akaongeza. "Sisi tutachemsha." Tukacheka tena. Sisi tumezaliwa kando ya Tanganyika. Tumekunywa ziwa, tumepikia ziwa, tumeogesha watoto ndani ya ziwa. Kwetu kumwambia mtu abebe maji kwenda ziwani ni kama kumwambia abebe mchanga kwenda mtoni. Mwendeshaji hakuelewa tunachochekea. Pengine alidhani maji mengine yamo kwenye mifuko. Aliwasha injini tukaondoka, na madumu yakabaki pale gatini yamepangwa kama watoto walioachwa na basi.

Mdogo wangu alishikilia ukingo wa mashua kwa mkono mmoja na fuko kwa mkono wa pili mpaka tukafika. Nilidhani ni kichefuchefu.

Kambi yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Uwanja mdogo chini ya miti mikubwa, mawe meusi ya kukokea moto, choo cha shimo, na ziwa mbele limetanda mpaka macho yanachoka. Mashua ilipopotea upande wa pili tulibaki na sauti za ndege na mkoromo wa viboko kutoka kwenye matete. Viboko hawakututisha. Uvira kiboko hupita mtaani kama jirani mlevi, unamwachia njia mambo yanaisha. Shemeji alijaza sufuria ziwani, nikabandika ugali.

Mlo ule ulikuwa wa mwisho kabla ya kufunga. Wa kwanza kutema tonge alikuwa mpiga ngoma wetu.

"Mama, umetia chumvi ya mwaka muzima?"

Mimi, ambaye nimesonga ugali tangu nikiwa na miaka saba! Nilimjia juu. Nikasema nani anatia chumvi kwenye ugali, nikala tonge kubwa ili kumwaibisha, na nikalimeza kwa kiburi tu. Wenzangu nao wakala, kwa sababu chakula hakitupwi, na dagaa waliokaushwa kwa chumvi wakaongeza yao. Tulipomaliza, kiu ikatushika wote kwa pamoja. Shemeji akachota kikombe ziwani, akanywa, na nikaona uso wake.

Alionja upande wa kushoto. Akaenda kuonja upande wa kulia. Akaingia mpaka magotini akaonja huko. Kisha tukaenda wote, watu wazima tisa tumeinama tukionja ziwa kama mbuzi, na kila aliyeonja alimtazama mwenzake akisubiri aambiwe amekosea. Hakuna aliyekuwa amekosea. Lilikuwa ziwa lenye chumvi. Baadaye tulielezwa kwamba mdomo wake unafunguka baharini na bahari inaingia. Jioni ile hatukujua hilo. Tulijua tu kwamba mashua inarudi Jumatatu, na maji yetu yako ng'ambo.

Tulichemsha. Tulichemsha tena. Aliyesema tuyachuje kwa kanga tulimsikiliza, tukachuja. Chumvi haikuwa na habari na sisi. Tulipokusanya vilivyokuwemo kwenye mifuko tulipata chupa moja ya sharubati na chupa moja na nusu ya maji. Sharubati na ile chupa nzima tuligawana kwa kifuniko, na asubuhi vilikuwa vimekwisha. Ile nusu tulikubaliana bila ubishi kwamba ni ya mdogo wangu.

Mdogo wangu alikataa.

"Nimefunga," alisema.

Jumamosi ilikucha na mawingu mazito na joto la kubana kifua. Tulianza kuimba tukaacha, midomo ilikuwa inashikana. Mpiga ngoma alilala chini kwa ubavu. Mimi nilikaa na chupa ile nusu mbele ya mdogo wangu kama mtu anayembembeleza mtoto dawa. Nilimwambia kufunga hakumhusu mwenye mimba, hata kule kwetu hakumhusu. Nilimwambia anywe kidogo tu, alowanishe ulimi. Midomo yake ilikuwa imepasuka na macho yameingia ndani. Kila mara alinijibu neno lilelile, nimefunga, na alikuwa ameshika tumbo kwa namna ambayo sikuipenda. Nikamuuliza mtoto anacheza? Nikauliza tena.

"Tangu asubuhi, hapana."

Sijui kama nimewahi kukasirika vile. Nilimwendea shemeji aliyekuwa amepiga magoti kando ya mti, nikamwambia mbele ya kikundi chote mambo ambayo mtu hamwambii mume wa mdogo wake. Nilimwambia Mungu hakumtuma aache maji ili achekeshe watu. Nilimwambia mbili zimeondoka, na hii ikiondoka itaondokea mikononi mwake. Nilitaka ajibu nipate kumpiga. Alinyanyuka, akafuta magoti, akaelekea kwenye njia ya miguu inayozunguka ziwa.

"Unaenda wapi?"

"Kuleta mayi."

Nilimfuata. Sikumwamini kwa lolote siku ile, hata kuleta maji. Chupa nilimwachia mpiga ngoma nikamwambia amlazimishe mdogo wangu anywe.

Njia ilikuwa nyembamba, imepita katikati ya matete upande mmoja na vichaka vya miiba upande wa pili. Nilitembea nyuma yake nikiutazama mgongo wake kwa chuki. Kizunguzungu kilikuwa kinakuja na kuondoka. Mara kwa mara tulikuta mavi ya kiboko yametapanywa kwenye majani, na kadiri tulivyokwenda yalizidi kuwa mabichi. Wote wawili tuliyaona. Siku ya mawingu kiboko hana haraka ya kurudi majini, hilo mtoto yeyote wa Uvira anajua.

Shemeji aliinua mkono, nikasimama. Mbele, chini ya kichaka upande wa nchi kavu, lile nililodhani ni jiwe lilipumua. Sisi tulikuwa upande wa maji, kati yake na ziwa, mahali ambapo kwetu hata mlevi hasimami. Likatikisa sikio. Shemeji alinishika kiwiko, tukarudi kinyumenyume hatua kwa hatua, mpaka tukapata upenyo wa kuingia kwenye miiba upande wa juu. Tulijikunja humo. Kiboko alisimama. Alikuja njiani, akasimama palepale tulipokuwa tumesimama, na akabaki hapo akitazama maji bila kuingia.

Hatukuweza kusonga mbele wala kurudi. Mwiba ulikuwa umenichoma begani na sikuthubutu kuutoa. Ndipo, kwa sauti ya chini kabisa, shemeji akaniuliza:

"Yaya, unajua sababu gani niliacha ile mayi?"

"Sababu uko mujinga."

Hakukasirika. Akaniuliza kama niliona mkono wa mke wake pale gatini. Nikasema sikuona. Akanisimulia, macho yake yakiwa kwa kiboko. Usiku wa kuvuka Tanganyika mtumbwi ulijaa watu kupita kiasi, na katikati ya ziwa maji yakaanza kuingia. Wenye mtumbwi wakapiga kelele watu watupe mizigo. Zikaenda sufuria, yakaenda magodoro, gunia la mtu, cherehani ya mtu. Bado maji yakaingia. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi minane na fuko la nguo za mtoto mapajani. Mwanamke mmoja akamwambia, na wewe tupa. Akatupa. Fuko lenyewe halikuwa na uzito wa mkate. Walipofika ng'ambo, wiki haikuisha, mtoto alizaliwa amekufa, na tangu hapo mdogo wangu akaamini kwamba alimtupa yeye.

"Jana, ule mutu wa mashua aliposema kitu kitoke," shemeji alisema, "nikaona mukono yake iko naenda ku fuko. Kabla ya mutu yeyote. Alikuwa anataka kuitupa tena. Nikasema acha nitupe mi, kabla yeye hajatupa. Nikakamata kile kilikuwa karibu."

Kiboko alikuwa bado anatazama maji.

"Na kile kicheko? Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini mbele ya batu? Kama bibi yangu iko naogopa? Bangemuchekelea. Afazali bacheke mi."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na shemeji yangu alikuwa ameficha mpaka tukakaribia kufa kwa kiu. Lakini mle kwenye miiba hasira yangu ilitafuta pa kushika ikakosa. Nililia bila machozi, maana mwili haukuwa nayo. Kiboko hatimaye aliingia kwenye matete, tukasikia maji yanapasuka, tukatoka mbio kama wezi.

Tulipofika gatini, madumu yalikuwepo. Mtu alikuwa ameyasogeza kivulini. Shemeji alikunywa kama ng'ombe, akatapika, akanywa tena. Mimi nilijimwagia usoni kabla ya kunywa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yalinuka plastiki, na hayajawahi kunipendeza maji kama yale. Mlinzi alipotuona katika hali ile, miguu imechanika na damu begani, hakuuliza mengi. Alimwita mwendeshaji kwa redio, naye akaja anakimbia na kofia mkononi.

"Eish," alisema alipoelewa. "Eish, eish." Alituvusha kwa mwendo ambao mashua ilikuwa inaruka.

Mdogo wangu alikuwa amekaa palepale nilipomwacha. Chupa ilikuwa kando yake, nusu ileile, haikupungua. Mpiga ngoma alinyoosha mikono kuonyesha kwamba alijaribu. Shemeji alishuka kabla mashua haijagusa ukingo, maji mpaka kiunoni, dumu begani, akajaza kikombe akampa mke wake. Mdogo wangu alikishika kwa mikono miwili.

"Wengine?" akauliza.

"Iko kwa wote. Kunywa."

Hakunywa. Alingoja. Alihesabu vikombe kwa macho mpaka alipoona kila mtu anameza, ndipo naye akanywa, akanyoosha kikombe aongezewe, akanywa tena. Niliketi karibu naye nikamwambia, safari hii kwa upole, kwamba mambo ya kufunga yalikaribia kuniua mimi, si yeye.

"Haikuwa kufunga, Yaya." Alinitazama. "Ile mayi iliachwa sababu ya woga yangu. Batu banakauka sababu yangu, halafu mi njo nikunywe ya mwisho?"

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Nilikamata fuko, nikaona yeye anakamata bidon. Nikajua."

Kumbe alijua. Wawili hawa, wanaolala nyuma ya pazia moja, kila mmoja alikuwa anamfichia mwenzake kitu kilekile, na sisi wengine saba tukafa kiu katikati yao. Niligeuka kumtafuta shemeji ili nimtukane kwa mara ya mwisho, nikamkuta amesimama nyuma yetu na kikombe kitupu. Alikuwa amesikia. Aliketi chini upande wa pili wa mke wake, na mdogo wangu akauchukua mkono wa mumewe akauweka tumboni. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nautazama uso wa shemeji, na nilipoona kidevu chake kinaanza kutetemeka nilijua mtoto amepiga teke.

Usiku ule tuliomba. Nadhani hata yule mzee wa Kizungu alitusikia huko Durban.

Jumatatu mashua ilipokuja, shemeji hakungoja kuulizwa. Alimwonyesha mwendeshaji vidole viwili: safari mbili. Ya kwanza ikaenda na watu, mahema, ngoma na madumu yenye kilichobaki. Ya pili tulikuwa watatu tu. Mashua ilielea juu juu, nyepesi. Katikati ya ziwa upepo ulituyumbisha, na nikaona mkono wa mdogo wangu unaondoka juu ya fuko kuelekea kwenye ukingo. Shemeji naye aliuona. Ule mkono ulisita hewani, kisha ukarudi, ukalifungua fuko, ukatoa ile kofia ndogo ukaivalisha kwenye goti lake.

Mtoto alizaliwa majira ya baridi, msichana, mzima, na kichwa kikubwa cha baba yake. Kofia haikumwingia. Mama yake alijaribu mara tatu, kisha akaanza kucheka, akacheka kwa sauti yetu ile ya Uvira, mpaka muuguzi akaja kuuliza kama kuna mtu anaumia.